Mwaka wa Nyota za Uongo

Simu ya Gwamaka ilinikuta sokoni Iringa, nimeinama juu ya fungu la viazi nikibishana na muuzaji. Nilijua kabla hajasema. Mtu anayepiga Krismasi na Pasaka tu, akikupigia Jumanne asubuhi na kuanza kwa kuuliza, "Dada Yusta, umekaa au umesimama?", huyo hana habari njema. Nikamwambia nimesimama. Akasema, "Tafuta pa kukaa, dada. Mama ametutoka." Muuzaji aliona uso wangu, akapindua ndoo yake, nikakaa hapo katikati ya viazi na karoti nikalia, mimi mwalimu mstaafu ambaye nusu ya soko lile nimelifundisha fizikia. Kifo chenyewe sikukishangaa. Mama Gwamaka alikuwa amekula chumvi nyingi, na wajukuu alishawabeba. Kilichonikata maini ni jambo ambalo nisingeweza kumweleza muuzaji wa viazi: tangu mwaka ule niliokaa nyumbani kwake Mbeya, mimi na yeye hatukuwahi tena kula sahani moja, na nilikuwa bado nangoja.

Kesho yake nikapanda basi. Tulipopita njia panda ya kwenda Rujewa, abiria waliteremka kununua mchele, mimi nikabaki dirishani nikiwatazama, kwa sababu mpunga wa huko ndio ulionipeleka Mbeya nikiwa binti aliyetoka kumaliza chuo cha ufundi. Kulikuwa na kituo cha utafiti wa mbegu, kimeshikizwa mlimani upande wa barabara ya Mbalizi. Leo hakipo. Mbegu zililetwa kwa magunia kutoka Rujewa, zikawekwa katika chumba chenye kuta nene, kisha kijiti cha kobalti kikainuliwa kwa mnyororo kutoka katika chungu chake cha madini ya risasi, sisi tukiwa nje, mlango umefungwa. Kobalti hutoa mionzi isiyoonekana wala kusikika, nayo huvuruga mbegu. Nyingi hufa, nyingine huota vituko, na katika vituko hivyo mara mojamoja hupatikana mpunga mfupi usiolazwa na upepo. Ila nilipoajiriwa mimi kobalti yetu ilikuwa imezeeka. Mionzi ilikuwa imepungua, na watu wa mbegu walinung'unika kwamba wanangoja mpaka wanaota ndevu. Uzee huo huo ndio uliotuletea wageni wa darubini.

Wageni hao walikuwa wanaunda kamera za darubini ambayo ingerushwa na kukaa angani, juu kabisa ya hewa, itazame nyota. Huko juu hakuna cha kumkinga mtu wala chombo. Mionzi hupiga kidogokidogo, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka kamera inachoka. Walitaka kujua itachoka namna gani kabla hawajairusha, maana ikishapaa hakuna fundi wa kuifuata. Kobalti kongwe inayopiga polepole ilikuwa ndiyo hasa waliyoitafuta. Wakatuletea vipande vyembamba vyenye ukubwa wa stempu, vile vinavyokaa ndani ya kamera mahali pa filamu na kupokea mwanga. Jina lake la kitaalamu lilikuwa refu, sisi tukaviita vijicho. Kazi yangu ilikuwa kukiingiza kijicho chumbani, kukiacha kipigwe, kukitoa, kukifunga kwenye kamera na kupiga picha huku lenzi imezibwa, gizani kabisa. Kijicho kizima kilitoa picha nyeusi tii. Kilichoumia kilitoa picha nyeusi yenye vidoa vyeupe, kimoja hapa, viwili pale. Mkuu wetu, Dokta Nehemia, mzee mpole aliyevaa sweta moja mwaka mzima, aliviita nyota za uongo. Baadaye tulikiweka kijicho katika joko dogo kukipasha joto, tukapiga picha tena. Baadhi ya vidoa vilipotea kwa joto lile. Vingine havikupona.

Chumba nilipanga mtaa wa Sinde, kwa Mama Gwamaka na mumewe, Mzee Ambakisye. Gwamaka, mtoto wao wa pekee, alikuwa anasoma shule ya bweni, tena huku kwetu Iringa, kwa hiyo walinichukua kama mtu wa kubadilishana. Mbele ya nyumba, kwenye barabara, palikuwa na studio ya mzee ya kupigia picha. Nyuma palikuwa na sebule yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, na jiko la mkaa lililoingizwa ndani kila jioni kwa sababu baridi ya Mbeya mwezi wa saba haina adabu. Siku ya kwanza nilipobisha hodi na kujitambulisha kuwa natoka Iringa, mzee alipaza sauti kuelekea uani, "Mama Gwamaka! Funga mbwa haraka, Mhehe amefika!" Hawakuwa na mbwa; ni utani wa zamani kwamba sisi Wahehe tunakula mbwa. Nilicheka nikajua nimefika nyumbani. Utani huo aliurudia kila niliporudi kazini, hata nilipoutegemea, hata nilipochoka.

Na tulikula pamoja. Mama aliweka sinia moja katikati, mbalaga, ndizi za Tukuyu zilizopikwa na maharage mpaka zikalainika, au wali wa Rujewa siku ya Jumapili, na sote watatu tulinawa na kuzunguka. Wiki ya kwanza kwa aibu niliomba sahani yangu. Mama aliniangalia kama nimemtukana. "Yusta," akasema, "nyumba hii anayekula sahani ya peke yake ni mgeni au mgonjwa. Wewe u nani katika hao?" Nikasogea sinia. Tangu siku hiyo akawa ananisukumia kwa kidole vipande vilivyoiva vizuri upande wangu, anajifanya anapanga chakula, na mzee akilalamika anajibu, "Wewe umeshakua."

Mzee Ambakisye aliipenda kazi yangu kuliko mimi mwenyewe. Alikuwa amepiga picha harusi, vipaimara na misiba ya mji ule kwa filamu tangu ujana wake, na habari ya kamera isiyo na filamu ilimsisimua na kumsikitisha kwa pamoja. "Kwa hiyo mnaleta kamera nzima kutoka ng'ambo," aliniuliza huku tunakula, "mnaiharibu makusudi, halafu mnaipasha moto muone kama imesamehe?" Nikasema ndivyo. "Wazungu wana nafasi." Nilimwonyesha beji tuliyovaa kifuani kupima mionzi iliyotupata sisi wenyewe, na nilipomwambia kwamba ndani yake kuna kipande cha filamu, alisimama, akaenda mlangoni mwa studio, akaisemesha kamera yake ya zamani: "Umesikia? Bado tuna kazi." Mama alitikisa kichwa. Beji ile alikuwa anaiita hirizi.

Picha ya nyota za uongo nilimletea kwa sababu aliiomba. Ilikuwa imetoka kwenye kijicho kimoja kilichopigwa mpaka kikachoka, na Dokta Nehemia aliniruhusu kuchukua nakala. Mzee aliitazama muda mrefu. Pazia la studio lilikuwa na maporomoko ya maji yaliyochorwa vibaya, na wateja wa Mbeya, ambao maporomoko ya kweli wanayo, walikuwa wameyachoka. Jumamosi moja alinunua kitambaa cheusi, akakitandaza sakafuni, akapiga magoti na kopo la rangi nyeupe, mimi nikakaa kwenye kigoda na picha mkononi nikimwelekeza. "Kimoja kikubwa juu kushoto. Viwili vimegusana chini yake." Yeye akadona kwa brashi. Alikuwa anakohoa kohoa mchana ule, na sauti yake ilikwaruza kama redio iliyokosa stesheni. Nikamwambia anywe chai ya tangawizi. Sote tulimwambia anywe chai ya tangawizi, miezi kadhaa.

Pazia lilipokauka tukalitundika, na wa kwanza kupigwa picha mbele yake alikuwa Mama, ametoka kanisani na kitenge chake cha kwaya. Mwanamke yule aliyeishi na mpiga picha maisha yake yote alikuwa anaogopa kamera. Akasimama amekakamaa, mikono inamtetemeka. Mzee akatoa kichwa nyuma ya kamera. "Yusta, nenda pembeni ya mama yako, mshike bega. Anatetemeka utadhani anachomwa sindano." Nikaenda upande wake wa kushoto, nikapitisha mkono mgongoni kwake, nikamshika bega la mbali. Akatulia. Mzee akapiga.

Baadaye, jioni moja ya kawaida, sinia liliwekwa na kando yake bakuli la uji. Mzee akalivuta kwake. Nilitazama bakuli lile nikakumbuka maneno ya Mama, mgeni au mgonjwa. Hospitali walisema kansa ya koo. Walisema pia kwamba dawa yake ni kuchomwa mionzi, na mashine ya kuchoma iko Dar es Salaam, na wanaongoja ni wengi. Akapewa tarehe iliyokuwa mbali mno kwa mtu ambaye kila wiki mkanda wa suruali unasogea tundu moja.

Chumba changu kilipakana na sebule, na ukuta haukufika darini. Jioni niliwasikia wakizungumza Kinyakyusa, lugha ambayo sikuielewa zaidi ya salamu. Lakini kuna maneno hayana kabila. Nilisikia "Dar". Nilisikia "kobalti". Kisha nikasikia jina langu, na sauti ya mzee iliyobaki kama mnong'ono ikikataa, na ya Mama ikirudi tena na tena palepale.

Aliniita jikoni Jumapili, anamenya ndizi. Nikachukua kisu kumsaidia. Hakuniangalia. "Mwanangu, mdogo wangu wa Kyela aliumwa kansa ya kizazi. Wakampeleka Dar, wakamlaza chini ya mashine. Nikamuuliza nesi, ndani ya hii mashine mna nini? Akanijibu kobalti. Kwa mdomo wake. Mdogo wangu yupo, analima." Akatupa ganda. "Na nyinyi hapo mlimani mnayo kobalti."

"Mama, ile siyo..."

"Ngoja nimalize. Mnayo. Mnawapikia wageni vijidude vya kamera, mchana kutwa. Baba yako koo linafunga. Mimi siombi mengi. Mwingize mara moja, akae kidogo, mtoe. Kama mnavyofanya hivyo vijicho. Wewe si ndiye unayefunga mlango?"

Niliweka kisu chini. Nilisema nitamuuliza mkuu. Nilijua atakachosema. Nilimuuliza hata hivyo, na nilimuuliza nikilia, na Dokta Nehemia akavua miwani, akaifuta kwa lile sweta lake, akaeleza polepole kama anayeongea na mfiwa. Mashine ya Dar inapiga mahali padogo palipopimwa, ikizunguka, ili nyama nzima ipone na mbovu ife. Chumba chetu kinamwagika mionzi kila upande kama mvua, hakuna kipimo wala kizuizi kwa mwili wa mtu. "Imezeeka," akasema, "lakini imezeekea mbegu, Yustina. Kwa mtu bado ni kijana. Ukimwingiza mle, kansa haitapona na yeye utakuwa umemuua." Alikuwa sahihi. Nimefundisha fizikia miaka mingi tangu hapo na sijapata kuona kosa katika maneno yale. Nimetafuta.

Nikarudi nikawaambia, wote wawili wamekaa sebuleni, jiko katikati. Nilieleza kama nilivyoelezwa. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akainua mkono. "Filamu," akanong'ona, na kila neno lilimgharimu, "ukiimwagia mwanga bila kipimo, inaungua yote. Hapabaki picha. Mwache mtoto, mke wangu. Anasema kweli." Mama aliangalia makaa. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Kamera hazijaumwa, mnazipeleka kwenye dawa. Baba yako anaumwa, dawa imekuwa sumu." Akainuka akaenda kupika.

Sinia lilipokuja usiku ule halikuja peke yake. Kando yake ilikuja sahani, imefunikwa kwa sahani nyingine, safi, na ndani ndizi zilizoiva kuliko zote. "Karibu chakula, Yusta," akasema. Hakuninyima. Angeninyima ningelia tukayamaliza, maana Mama yule hakuwa mtu wa kuweka kinyongo na mtoto aliyemgombeza. Aliniheshimu. Alinipa kijiko. Nyumba ile sasa ilikuwa na bakuli la mgonjwa, sahani ya mgeni, na sinia ambalo Mama alikula peke yake, akilizungusha mwenyewe.

Tarehe ya Dar ilipofika walikwenda, na madaktari wa huko wakasema wamechelewa. Sikuwalaumu madaktari hao, na siwalaumu leo. Walirudi kwa basi, mzee amejiegemeza begani kwa mkewe. Nilipoingia jioni kutoka kazini alikuwa amelazwa kwenye kochi refu, na nilimwona akijitahidi kuvuta pumzi ya kunifungia mbwa, kama ilivyokuwa desturi yetu, lakini sauti haikutoka. Nikamsemea mimi. "Funga mbwa, Mhehe amefika." Akatabasamu. Hiyo ndiyo furaha ya mwisho niliyompa mtu yule na naishika kwa mikono miwili. Alizikwa kwao Tukuyu, kwenye migomba, mvua ikinyesha. Nilipika na kuosha vyombo na wanawake siku zote za msiba, na wakati wa kuaga Mama alinishika mikono yote miwili mbele ya watu. "Ndaga," akasema. "Asante sana, mgeni wetu." Watu walidhani ni maneno mazuri.

Kazi ya vijicho iliisha mwaka ule ule. Tukaandika ripoti, wageni wakachagua aina iliyovumilia kuliko nyingine, na nikahamia Iringa kufundisha. Darubini ilikuja kupaa baada ya miaka mingi, na siku hizi wanafunzi wangu wa zamani hunitumia picha zake kwenye simu, mawingu ya rangi na nyota zisizo na idadi, wakiuliza, "Mwalimu, si ndiyo ile kamera yenu?" Huwajibu ndiyo. Najua kwamba kabla picha hiyo haijanifikia kuna mtu alikaa mahali akaziondoa nyota za uongo moja moja, na najua aliambiwa zitakuwaje na watu wa Mbeya waliopiga picha gizani. Ningependa kusema najivunia. Najivunia, na moyo unaniuma, na sijawahi kuweza kuyatenganisha hayo mawili. Kwa Mama nilikwenda kila nilipopata likizo. Nilibeba mahindi mabichi, nilibeba asali, Gwamaka akawa mdogo wangu kabisa. Kila mara Mama alinikumbatia, akaniuliza habari za watoto, akacheka. Kila mara sahani yangu ilikuja imefunikwa. Miaka ilivyozidi sikuthubutu kuisogeza kando, na labda naye hakujua tena jinsi ya kuacha kuileta.

Nilifika Sinde mchana. Turubai lilikuwa limefungwa kutoka mlangoni mwa studio, ambayo sasa ni duka la vifaa vya simu, hadi ng'ambo ya uwanja, na sebule ilikuwa imetolewa makochi ili wanawake wakae chini. Jeneza lilikuwa katikati, na juu yake picha kubwa ndani ya fremu. Niliipokea kwanza kwa macho ya kazi. Kimoja kikubwa juu kushoto. Viwili vimegusana chini yake. Vidoa vyote nilivyovisoma nimekaa kwenye kigoda vilikuwa nyuma ya kichwa chake, na yeye na kitenge cha kwaya, bado kijana, ametulia. Upande nilikosimama mimi picha ilikuwa imekatwa. Lakini kwenye bega lake la kulia palikuwa na vidole vinne vya mtu mwingine, na kwenye kimoja kovu dogo la chuma cha moto tulichounganishia nyaya pale kituoni.

Gwamaka alikuja kunipokea begi. Alikuta nimesimama tu. "Dada, alichagua mwenyewe," akasema taratibu. "Tangu mwaka jana. Nilimwambia, Mama, hapa mko wawili, kwenye jeneza haifai, itabidi nimkate dada Yusta. Akasema kata, ila huo mkono usiuguse. Fundi wa picha alitaka kuufuta kwa kompyuta, Mama akamjia juu hapohapo dukani. Akasema, 'Huo ndio ulionishika nikaacha kutetemeka. Nitakwenda nao.'"

Wanawake waliokaa chini walikuwa wamewekewa sinia la wali, na mmoja wao, ambaye hakunijua wala sikumjua, akasogea kunipa nafasi, akaniita mama, akanivutia beseni la maji. Nikakaa. Nikanawa mkono ule wenye kovu, nikala.